Umbo likikwama ukilizungusha, hesabu kingo zako

Ndugu yangu wa Kizota, Dodoma, nimekuelewa: unaandika programu ya kuchora tenki la maji na mnara wake kwa mistari, ili mafundi wa kuchomelea walione kwenye skrini kabla ya kukata bati, ila kompyuta yako ya RAM GB 2 inakwama ukizungusha umbo.

Umesema unachora uso mmoja mmoja. Hapo ndipo penye shida, kila ukingo (mstari ambapo nyuso mbili zinakutana) unachorwa mara mbili. Mchemraba una vipeo (ncha za pembe) 8 na kingo 12, lakini ukifuata nyuso zake 6 unachora mistari 24! Weka orodha mbili tu, ya vipeo na ya kingo. Ukizungusha, piga hesabu ya vipeo peke yake, tena kila mara uanzie vipimo vya awali, la sivyo makosa madogo ya desimali yanajilimbikiza na umbo linapinda.

Kupata ukaribu na umbali, gawa x (kulia-kushoto) na y (juu-chini) ya kila kipeo kwa z, yaani umbali wake mbele ya jicho la mtazamaji. Z ikikaribia 0 mistari inaruka ovyo (mimi ilinikesha siku mbili), kwa hiyo kata kila kilicho nyuma ya jicho au karibu nalo mno.

Mchoro huo ni wa kuonea tu. Lita 5,000 za maji ni tani 5, hivyo miguu ya mnara akukadirie mhandisi aliyesajiliwa.