Kano ya mwaka 1930: jimbo au mkoa?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu Naijeria ya enzi za Mwingereza. Niliandika "Jimbo la Kano, 1930", maana ndivyo redio zinavyosema. Mhariri amekata, akaweka "Mkoa wa Kano". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mhariri wako. Hilo jimbo la redioni lilizaliwa Mei 1967, Gowon, mkuu wa serikali ya kijeshi, alipozivunja kanda nne za nchi na kuunda majimbo 12. Mwaka 1930 Kano ilikuwa mmojawapo wa Mikoa ya Kaskazini, chini ya Rezidenti, yaani ofisa wa Kiingereza aliyeusimamia mkoa. Ukiviita vyote viwili jimbo, msomaji atadhani mipaka ni ileile. Hata jimbo la leo si lile la 1967, kwani Jigawa ilimegwa humo mwaka 1991.

Ulikoponzeka napaona. Vitabu vya Tanganyika ya zamani vimejaa "Jimbo la Ziwa" na "Jimbo la Magharibi". Mikoa ilikuja baada ya uhuru. Lakini kwa Naijeria neno jimbo limekwisha kupata mwenyewe. Mkoa ubaki wa ukoloni, na kanda iwe ya Kaskazini, Magharibi na Mashariki, zilizopewa mabaraza yao na katiba ya 1946. Ya nne, Kati-Magharibi, iliongezwa 1963.

Rezidenti naye muache na jina lake, usimfanye mkuu wa mkoa. Zanzibar pia ilikuwa na Rezidenti, ila huyo alikuwa mmoja kwa nchi nzima. Naijeria kila mkoa ulikuwa na wake, na huko kaskazini alitawala kwa kupitia ma-Emir, watawala wa jadi wa Kiislamu.

Chini ya mkoa ndiko kwenye mtego hasa. Makala yako itataja "division", na najua mkono utakimbilia tarafa. Uzuie. Divisheni ya Naijeria ilikuwa ya Bwana DC wetu, ingawa wao walimwita D.O. (District Officer); kwa hiyo ni wilaya. Tarafa uitunzie ngazi ya chini yake, ile ya mtu wa Emir ambaye Wahausa humwita hakimi. Neno hilo na hakimu wetu yametoka Uarabuni pamoja, lakini hakimi alisimamia vijiji na ukusanyaji wa kodi. Aliyekaa kitako kuamua kesi ni alkali, yaani kadhi. Nimewahi kusoma tafsiri iliyompa hakimi mahakama, na kurasa tatu baadaye alikuwa anadai kodi ya ng'ombe.