Usirudi ukurasa wa kwanza

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mtu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, akapatwa na msiba, maradhi au tatizo la nyumbani likamtoa kwenye masomo, arudi vipi? Najibu kama mtu aliyefiwa na mama katikati ya maandalizi ya mtihani wa uhasibu, na ambaye siku hizi huwasaidia watahiniwa waliokatizwa kama alivyokatizwa yeye. Jibu langu: usirudi ukurasa wa kwanza, wala usijaribu kulipa saa zilizokupita.

Nianze na hizo saa. Karibu kila anayerudi huishika ratiba yake ya zamani, akazihesabu mada zilizompita, kisha akazirundika juu ya siku zilizobaki. Aliyekuwa akisoma saa tatu kwa siku sasa anajipangia saba, na akili yenyewe imechoka kuliko mwanzo. Siku ya pili deni limeshaongezeka, na haupiti muda ratiba inakuwa kitu cha kukwepwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ratiba ile aliipanga mtu mwenye nafasi na kichwa kilichotulia, na mtu huyo kwa sasa hayupo. Ichane. Tazama tarehe ya mtihani, hesabu kurudi nyuma hadi leo, toa siku ambazo unajua kabisa hutasoma, halafu panga kidogo kuliko unavyodhani unaweza. Hata asiye na majonzi hukosea hesabu hii: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake nchini Kanada waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu wakadirie watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Zikawachukua zaidi ya 55.

Sasa kuhusu ukurasa wa kwanza. Hofu ya anayerudi ni kwamba kila kitu kimefutika, kwa hiyo anaanza upya, sura ya kwanza, mstari wa kwanza, kalamu ya rangi mkononi. Anamaliza wiki nzima akisoma yale anayoyajua kuliko yote, kwa sababu sura za mwanzo ndizo alizowahi kuzisoma mara nyingi zaidi. Na anafurahi, maana zinasomeka kwa urahisi! Wakati huohuo mada ngumu za mwishoni zinamsubiri palepale.

Mimi huwaambia wachukue mtihani wa mwaka uliopita na kuufanya kabla hawajafungua daftari lolote. Wengi hukataa. Wanasema watapata sifuri, na kwamba sifuri katika hali waliyo nayo itawavunja moyo. Basi usijipe alama. Fanya maswali, kisha shika majibu sahihi na uyagawe maswali mafungu matatu: niliyoyaweza, niliyoshindwa lakini nilipoona jibu nikasema “aa, kumbe”, na ambayo hata jibu lenyewe silielewi. Fungu la kati mara nyingi huwa kubwa kuliko mtu alivyotarajia, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu ndipo alama zinapopatikana kwa jasho dogo.

Kwamba uliyojifunza hayafutiki yote, jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, akazikariri tena huku akipima juhudi aliyookoa mara ya pili. Baada ya siku moja alikuwa ameokoa kama theluthi. Baada ya siku 31 bado alikuwa akiokoa takriban asilimia 21. Watu humtaja kuthibitisha kwamba tunasahau haraka, na kweli tunasahau haraka. Mimi navutiwa zaidi na hiyo asilimia 21. Mwezi mzima umepita, maneno yenyewe ni upuuzi mtupu usioshikamana na chochote, na bado kazi ya kwanza haikupotea yote. Uliyoyasoma wewe yana maana na yanashikana. Yanarudi upesi kuliko yalivyoingia, mradi uyaite.

Kuyaita ndiyo kazi yenyewe. Kusoma tena na tena kunadanganya. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakavisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Utafiti huo ulitoka mwaka 2006. Funga kitabu, andika unachokikumbuka, fungua, sahihisha. Ukiwa na rafiki aliyekutangulia, usimwombe daftari lake tu; mwombe akuulize maswali. (Na akianza kukuhesabia mada alizomaliza, badilisha mazungumzo.)

Njia hii ina faida nyingine kwa mwenye majonzi. Macho yanaweza kushuka ukurasa mzima huku akili iko hospitalini au makaburini, na usijue kwamba hujasoma kitu. Swali halikuruhusu hivyo: ama unaandika jibu, ama karatasi inabaki tupu na unajua. Anza na maswali machache, dakika ishirini, uinuke. Siku fulani hata hizo hazitawezekana. Siku hiyo isihamishiwe kesho. Na usiibe usiku kufidia. Usingizi ni sehemu ya jinsi ubongo unavyohifadhi ulichojifunza mchana.

Kuna wanaosema “jikaze, kazi itakusahaulisha”. Kwa wengine ni kweli. Kwa wengine mtihani huu si wa msimu huu, na hilo nalo linapaswa kuamuliwa kwa kutazama lile fungu la tatu: kama ndilo limemeza karibu karatasi yote na tarehe imekaribia, uliza kuhusu kuahirisha. Vyuo vingi na bodi nyingi za mitihani zina utaratibu wa kuahirisha au kuzingatia hali maalumu, lakini huwa na tarehe ya mwisho na hudai ushahidi, kama vile barua ya daktari au cheti cha kifo. Soma kanuni kabla ya siku yenyewe. Vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza, kwa mfano, vina kanuni kwamba ukishaingia na kufanya mtihani umetangaza kuwa uko katika hali ya kuufanya, na kudai baadaye kwamba hukuwa sawa huwa vigumu sana. Ombi liandikwe mapema, hata kama mwishowe utaamua kuingia.