Usihesabu kagusa mara ngapi, mtazame akiwa hana mpira

Mkuu, hilo jedwali lako lifute kabla hujamtumia kocha yeyote. Nimesoma uzi wako mara mbili na moyo umenienda mbio. Mdogo wako ana miaka 16, urefu sentimita 194, anacheza futi huko Adelaide. Unataka kumwandikia nguvu zake na udhaifu wake, umeanza kuhesabu anagusa mpira mara ngapi kwa mechi, umepata mtu wa kukutengenezea video ya dakika tatu, halafu unauliza na habari ya kuhama klabu, viatu na chakula. Na huyo wa video ameshakushauri kijana aende katikati akawe raki kwa sababu ni mrefu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Melbourne miaka minne iliyopita, na niliyalipia dola 600.

Kwa wadau wasioujua mchezo: futi ndiyo mpira wa Kiaustralia. Uwanja una umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, na mpira wenyewe umechongoka ncha mbili. Unaupiga teke au unaupiga ngumi ukiwa juu ya kiganja, kurusha ni kosa. Ukipita kati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Ukidaka mpira uliopigwa teke la mita 15 au zaidi, hakuna wa kukugusa, unasimama unapiga kwa nafasi yako. Raki ni yule mrefu anayeruka kuugombea mpira refa anapourusha juu katikati.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 15, sentimita 191, anacheza beki kwenye timu ya mtaani huku magharibi ya jiji. Kwa kweli ilikuwa inaniuma. Mtoto mrefu vile yuko nyuma kabisa, anagusa mpira mara saba, mara nane, wakati vijana wanaomfika kifuani wanaupata mara 25. Dada yangu haujui mchezo huu, kanikabidhi mtoto, ananiambia mjomba wake ndiye unayejua. Basi siku moja baada ya mechi akanifuata mtu kwenye maegesho, akajitambulisha kuwa ni mchambuzi wa vipaji, akaomba klipu zangu za simu, na baada ya wiki mbili akaniletea ripoti ya kurasa mbili pamoja na video yenye muziki. Nguvu: urefu, kuruka, mikono. Udhaifu: hapati mpira wa kutosha. Dawa: atolewe beki, awe raki, na aufuate mpira popote ulipo ili wasaka vipaji wamwone.

Sikiliza. Yule mtu hakukaa hata robo moja ya mechi uwanjani kumtazama kijana. Alitazama klipu zangu, na mimi nilikuwa nabonyeza kurekodi pale tu mpira unapomkaribia. Kila kitu alichofanya mtoto mpira ukiwa mbali hakikuwemo kwenye simu, kwa hiyo hakikuwemo kwenye ripoti. Alichukua upofu wangu akaupanga vizuri kwenye karatasi akaniuzia. Na msije hapa kuniambia ningeshtuka mapema. Ana fulana ya mazoezi, ana kompyuta, anaongea kwa upole, anamwita mtoto kwa jina lake. Hata wewe ungelipa. Kama urefu peke yake ungekuwa unacheza mpira, twiga wa Mikumi wangekuwa na makombe kabatini.

Nikamwomba kocha wa timu ambadilishe nafasi. Mzee wa watu alisita, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwonyesha ripoti. Nikanunua daftari. Kila mtoto akigusa mpira nachora kijistari. Hapa ndipo nilipomharibu, mkuu, na hapa ndipo wewe ulipo sasa hivi. Baada ya mechi tatu nikagundua kwamba kila akishautoa mpira anageuza shingo kwenye uzio kuangalia kama nimeandika. Nikafurahi, nikadhani ana ari! Kumbe mtoto ameshajua mjomba anataka nini. Akaacha kusimama mahali pake. Mpira ukienda kushoto yumo, ukienda kulia yumo, anapigana na wenzake wa timu moja kuugombania. Vijistari vikapanda kutoka nane hadi 18. Dada akapika pilau. Timu nayo ikaanza kufungwa magoli ambayo msimu uliopita haikufungwa, na mimi pale uzioni nikawa nalaumu mabeki.

Msimu wa pili goti likaanza kumuuma, chini kidogo ya kifuniko. Mtaalamu wa viungo akatueleza kwamba kuruka kila mara na kugongana hewani, katika umri ambao mfupa bado unakua, kunaweza kuleta hivyo. Akakaa nje wiki tisa. Aliporudi akaitwa kwenye majaribio ya kikosi cha vipaji, na hakupita. Mama mmoja aliyekuwa kati ya makocha wa majaribio akanikuta nimesimama peke yangu kwenye uzio. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba katika robo ya tatu mpira ulipigwa mbali hadi nyuma upande wetu mara sita, na mara zote sita kijana wangu alikuwa ameshaondoka, anaukimbiza mpira uliokwishampita. Akaniuliza alijifunzia wapi. Sikuwa na jibu. Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau mpaka leo: miaka miwili nyuma, alipokuwa bado beki, alikuwa ameshaliandika jina lake, siku ambayo mtoto aligusa mpira mara sita tu. Alimwona akimwacha mtu wake, yaani mpinzani aliyepewa kumkaba, hatua tatu kabla teke halijapigwa, akafika mahali mpira unapodondokea, akaupangua kwa ngumi. Akafanya hivyo mchana kutwa. Mimi siku hiyo nilikuwepo. Nilikuwa nimekasirika kwenye kiti kwa sababu sikupata klipu nzuri.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka mnichoke: mtathmini mchezaji akiwa hana mpira.

Fanya hesabu mwenyewe. Mechi ya wakubwa ni robo nne za dakika 20, na saa husimama mpira ukitoka, kwa hiyo muda halisi ni mrefu zaidi. Chukua tu dakika 80. Mtu anayegusa mara 25, akikaa na mpira sekunde tatu kila mara, ni sekunde 75 kati ya 4,800. Hiyo ndiyo video yako ya dakika tatu. Kilichobaki chote, ambacho ndicho mchezo wenyewe, hukukitazama.

Najua kuna mtu atakuja na Tom Mitchell wa klabu ya Hawthorn, aliyegusa mara 54 katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2018 na mwaka huo huo akachukua medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi kuu. Ni kweli, sipingi. Lakini namba ile ilitokana na jinsi anavyojua kujiweka, na kujiweka huko kunafanyika kabla mpira haujafika. Mtazame Greg Williams wa zamani. Klabu ya Carlton walimkataa mara ya kwanza kwa kuwa ni mzito wa mbio, akaenda Geelong, kisha Sydney, akachukua Brownlow mwaka 1986, na baadaye akarudi Carlton hao hao akaichukua tena 1994. Ripoti ya kurasa mbili ingeandika udhaifu, mbio, na kufunga faili. Alikuwa anajua mpira utatokea wapi kabla ya watu wenye miguu myepesi.

Na hata namba rasmi usizibebe kichwa kichwa. Champion Data, wanaohesabu takwimu za ligi kuu, teke linalozidi mita 40 likaangukia mahali ambapo pande zote mbili zina nafasi sawa ya kuugombea huliandika kuwa teke zuri. Lina sababu zake, lakini mtoto anaweza kupiga mateke kumi ya kubahatisha akaonekana fundi. Hapo bado hujahesabu upepo. Robo moja una upepo mgongoni, unapiga mita 50 bila jasho, robo inayofuata unaupiga uso kwa uso na mpira unakurudia. Kama umemwandikia nguvu ya teke, andika na upepo ulikuwa unatoka wapi.

Kosa ambalo wengi wanalikumbuka kwa Jim Stynes, yule kijana wa Dublin aliyeacha mpira wa Kiayalandi akaja kucheza klabu ya Melbourne, alilifanya akiwa hana mpira. Nusu fainali ya mwisho ya 1987, Melbourne wanaongoza, dakika zimeisha, Gary Buckenara wa Hawthorn anajiandaa kupiga mpira wa adhabu. Stynes akakatiza mbele yake pale ambapo sheria inakataza. Buckenara akasogezwa mita 15 mbele, king'ora kimeshalia, akapiga, goli. Hawthorn wakaingia fainali kwa pointi mbili. Stynes alijifunza, akawa mwanamume wa kucheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, na mwaka 1991 Brownlow ikawa yake. Kwenye video ya miguso kosa lile lisingeonekana kamwe.

Mfano wa karibu yetu zaidi ni Aliir Aliir. Kazaliwa kambi ya Kakuma, kule Turkana, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Sudan, akaja Australia akiwa mtoto. Mrefu, anaruka kama chui, kila mtu angemwambia nenda mbele ukafunge au nenda katikati ukaruke. Jina lake limejengwa nyuma, kwenye kumwacha mtu wake kwa wakati sahihi na kwenda kuudaka mpira ambao wapinzani walidhani ni wao. Mwaka 2021, akiwa klabu ya Port Adelaide, hapo hapo kwenu, aliingia kikosi bora cha mwaka cha Australia nzima. Mpeleke mdogo wako uwanjani kwao mkamtazame yeye tu, mpira uacheni.

Sasa namna ya kufanya. Usikae pembeni katikati ya uwanja, kaa nyuma ya goli, juu kidogo kama kuna mahali pa kupanda. Chagua robo ya tatu, watu wameshaanza kuchoka na uongo umeshaisha miguuni. Macho yasimtoke. Mpira ukiwa mita 60 kutoka alipo, anageuza shingo kumtafuta mtu wake au anatazama mpira kama wewe mtazamaji? Timu yake ikipoteza, hatua zake tatu za kwanza zinaelekea wapi? Mwenzake akiruka kudaka, yeye anaruka naye au anabaki chini kuokota unaodondoka? Amesimama kati ya mpinzani na goli, au nyuma ya mpinzani? Anaongea? Na huyo anayemkaba ni nani, maana kumtawala mtoto aliyeanza kucheza juzi si nguvu ya kuandikwa. Ukimaliza hapo ndipo uandike, kwa sentensi: akiona hivi anafanya hivi. Hilo jedwali la nguvu kushoto na udhaifu kulia halina mahali pa kuweka sentensi hiyo.

Mpwa wangu sasa ana miaka 19, amerudi beki, anacheza ligi ya mitaa na anaupenda mchezo wake. Goti bado linamuuma siku za baridi. Ile misimu miwili hajanidai, ninaidai mimi.

Jumamosi hii mdogo wako anacheza saa ngapi? Simu iache kwenye gari. Ukirudi niandikie hapa, robo ya tatu, mpira ulipokuwa upande wa pili wa uwanja, alikuwa amesimama wapi.