Koti la jeshi la Bulgaria: ligeuze ndani nje kwanza

Ukipita kwenye gulio la vitu vya kale mbele ya kanisa kuu la Alexander Nevsky, Sofia, karibu kila koti la sufu la rangi ya kahawia utaambiwa ni la Vita vya Pili vya Dunia. Mengi si ya vita hiyo. Yalishonwa miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi la utawala wa kikomunisti, yakakaa ghalani hadi jeshi lilipopungua na magala yakaanza kumwagwa. Nimekuwa nikikusanya sare hizi muda mrefu, na nasema: yanunue bila wasiwasi, ila kwa bei ya umri wake halisi. Koti la 1955 ni kitu kizuri. Tatizo linaanza pale unapolilipia kama la 1942.

Muuzaji si lazima awe tapeli. Historia yenyewe imechanganyika. Bulgaria ilijiunga na upande wa Ujerumani tarehe 1 Machi 1941, ikageuka Septemba 1944, na jeshi lile lile, na sare zile zile, likapelekwa kupigana na Wajerumani hadi Hungaria. Ufalme nao uliondolewa kwa kura ya maoni mwaka 1946, miaka miwili baada ya mapinduzi ya Septemba 1944. Kwa hiyo usitegemee kuona simba wa kifalme akitoka kwenye vifungo na nyota ya kikomunisti ikiingia usiku mmoja. Mkato wa makoti ndio ulichelewa zaidi kubadilika.

Basi unaanzia wapi? Ndani. Aliyezoea kuchambua mitumba Karume au Gikomba tayari anajua kugeuza nguo kabla ya kuuliza bei, na mkono huo huo utamfaa Sofia. Tafuta mihuri ya wino kwenye bitana, kwenye mfuko wa ndani, au chini ya kola. Mwaka mara nyingi umeandikwa hapo wazi, na nimeshangaa mara nyingi kuona koti la “vita” lina muhuri wa 1953 ambao hata muuzaji hakujisumbua kuufuta.

Mwaka ukiwa umefutika, soma herufi. Huhitaji kujua Kibulgaria. Mwaka 1945 tahajia yao ilirekebishwa: herufi Ѣ na Ѫ zikaondolewa, na ъ iliyokuwa ikikaa mwishoni mwa maneno bila kutamkwa ikaachwa. Ukikuta mojawapo ya zile mbili, au ъ mwishoni mwa neno, una sababu ya kuendelea kutazama. Usikate shauri kwa muhuri peke yake, maana mihuri ya zamani haikutupwa yote siku ile, na wapo wanaochonga mipya.

Vifungo ndivyo vinavyodanganya wengi, kwa sababu kubadilisha kifungo ni kazi ya dakika chache. Karibuni nilishika koti lenye vifungo vya simba vinavyong’aa, bei yake ya kutisha. Nilipokiinua kifungo cha juu, chini yake kulikuwa na duara la kitambaa ambacho hakijapauka, pana kuliko kifungo chenyewe. Maana yake kwa miaka mingi hapo palikaa kifungo kingine kikubwa zaidi. Uzi nao ulikuwa mweupe pee, ilhali uzi wa matundu ya vifungo ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Nililirudisha mahali pake, nikashukuru, nikaondoka.

Beba pia tochi ndogo ya miale ya urujuanimno (UV). Kemikali za kung’arisha nguo zilienea baada ya vita, hivyo uzi unaowaka bluu kali gizani huwa ni wa baadaye. Lakini sabuni za kisasa nazo zina kemikali hizo: koti lililofuliwa litawaka lote. Kinachotakiwa kukushtua ni uzi unaowaka peke yake juu ya kitambaa kilicholala kimya, hasa kwenye tepe na alama za begani.

Kuna mtego wa pili, na huu unawanasa hata wakusanyaji wa sare za Kijerumani. Baada ya vita Bulgaria ilitengeneza maturubai na nguo za mvua zenye madoa ya pembe kali, kijani na kahawia, kwa kufuata mtindo wa Wajerumani. Leo yanauzwa mitandaoni kama mali ya jeshi la Hitler. Ni ya Kibulgaria, ni ya baada ya vita, na ukiyanunua kwa jina lake utayapata kwa bei nafuu.

Kofia za chuma za M36, yaani mtindo wa mwaka 1936, sitazizungumzia sana. Zipo za aina tatu, A, B na C, na ngao ya rangi za bendera ubavuni ndiyo inayopandisha bei, kwa hiyo ndiyo inayobandikwa upya. Ngao ikiwa safi kuliko rangi inayoizunguka, jiulize.

Kabla ya kutoa hela yoyote, pita Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kijeshi, Sofia, yaliyoanzishwa mwaka 1916. Usikimbilie vifaru vya uani. Simama kwenye makabati ya sare hadi jicho lizoee ile sufu nzito.

Nyumbani, adui ni nondo. Vidonge vya nafthalini vinanuka na harufu haitoki. Mimi hufunga koti kwenye mfuko usiopitisha hewa, nikaliweka kwenye friza wiki mbili, kisha nikalipiga brashi kwenye mishono. Litundike kwenye hanga pana, la sivyo mabega yataharibika kwa uzito wake lenyewe.

Mwisho, sheria. Bulgaria ina Sheria ya Urithi wa Utamaduni ya mwaka 2009, na kitu cha kale kinaweza kuhitaji hati kabla ya kuvuka mpaka. Kwa sare ya enzi ya kifalme muulize muuzaji habari za hati kabla ya kulipa, na risiti usiiache. Na wewe unayefikiria kurudi nyumbani Afrika Mashariki na sanduku lako, fikiri tena. Mwaka 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na Kenya na Uganda nako raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi. Askari wa uwanja wa ndege hatakaa kusikiliza kwamba madoa yale ni ya Kibulgaria. Yangu yanabaki huku Ulaya. Nyumbani nimepeleka picha tu.