Re: Ushanga au kioo cha nukta kwenye shotgani?

Mkuu, umeuliza kama shotgani yako ya geji 12 uifungie kioo cha nukta nyekundu (kioo cha kulengea kinachoonyesha nukta ya mwanga) au ubaki na ushanga wa mbele, ile punje ya kulengea kwenye ncha ya mtutu. Kwa kanga na kwale, baki na ushanga. Ndege anayeruka halengwi kwa kufumba jicho: macho yote mawili yako kwake, mtutu unafuata, marisau (punje ndogo za risasi) yanatawanyika. Kwa nguruwe pori na risasi nzima moja, mita 50 hivi, nukta inasaidia, hasa macho yakizeeka kama yangu. Ila kaza skrubu za kioo kwa gundi ya kuzuia skrubu zisilegee! Changu kililegezwa na teke la bunduki, nikamkosa nguruwe aliyesimama kabisa. Tena chagua kioo kinachokaa chini, karibu na mtutu. Kikiwa juu, shavu linaachia kitako.