Kwa mwalimu mpya wa michezo: mechi huanzia kwenye fomu

Umeripoti kituoni, hujamaliza hata kupanga chumba, mkuu wa shule kakuita ofisini: "Wewe bado kijana, utatusaidia upande wa michezo." Hongera. Umekabidhiwa filimbi, mipira miwili ambayo mmoja unavuja, na jezi zilizofifia namba. Ambacho hukuambiwa ni kwamba umekabidhiwa na kalamu, na hiyo ndiyo itakayokuingiza matatani. Huu ni mwaka wangu wa 14 kufundisha michezo sekondari hapa Arusha, mjini na kule Arumeru. Baadhi ya mabaya nitakayokusimulia niliyafanya mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulikuwa na timu nzuri ya mpira isiyo na mfungaji. Kulikuwa na kijana aliyemaliza kwetu kidato cha nne miaka miwili nyuma. Siku za kazi alikuwa kondakta wa daladala, Jumapili anacheza ndondo, mpira wa mtaani, na kufunga anavyotaka. Tukakaa walimu watatu kwenye meza ya chai. Tukachukua jina la mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa kwao anaumwa, tukabandika picha ya kondakta, nikagonga mhuri. Hata chai haikupoa.

Siku ya nusu fainali, asubuhi ya Juni, baridi inakata na ukungu umeumeza Mlima Meru wote, refa akaanza kuita majina na kukagua njumu. Akaita jina lile. Kimya. Akarudia. Kijana wetu kaduwaa kana kwamba anaitwa mtu wa mbali. Kisha akanigeukia, akaninong'oneza kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani: "Mwalimu, leo naitwa nani?"

Watoto wakacheka, wa kwetu na wa wenzetu. Nikamtazama mwalimu wa upande wa pili nikijua hapa rufaa haikwepeki. Akainamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba za viatu. Baadaye nikaambiwa sababu: beki wake wa kati alikuwa na mke na mtoto.

Tulishinda. Hatua iliyofuata, shule nyingine ikakata rufaa na kuleta kielelezo: picha ya mahafali. Mfungaji wetu kashika cheti cha kumaliza shule, na pembeni yake nimesimama mimi, nimevaa tai, meno yote nje. Jioni ileile tukafungasha.

Aibu ile ilipita. Ambacho hakijapita ni mshambuliaji wetu halali, mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa haachi mazoezi tangu Januari. Kwa ajili ya mamluki, yule mchezaji wa kukodi, nilimweka nje, na kazi yake siku hiyo ikawa kushika simu na masweta ya wenzake. Tukiwa kwenye Hiace kurudi akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, yule kaka yuko mkondo gani?" Jibu alikuwa nalo. Hakuja tena mazoezini, na mimi sikuwa na uso wa kumfuata.

Utaambiwa wote wanafanya. Ni kweli wengi wanafanya, na ndiyo maana rufaa hazikatwi: kila mmoja anamfichia mwenzake ili naye afichiwe. Utaambiwa pia ni kwa faida ya shule. Muulize anayekuambia hivyo kama yuko tayari fomu isainiwe kwa jina lake.

Mimi siku hizi najifunga mwenyewe kabla kishawishi hakijafika. Nikijaza fomu za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, rejista ya mahudhurio iko mezani. Asiyeonekana darasani mwezi mzima haingii, hata awe anapiga chenga kama upepo. Orodha naibandika kwenye ubao wa matangazo wiki mbili kabla, jina na mkondo. Hakuna mkaguzi anayewashinda wanafunzi: wanajuana hadi nani alihama lini, na mgeni wakimwona wanamcheka mchana kweupe. Mwalimu wa taaluma anasaini pamoja nami. Na ukiletewa fomu tupu, "saini tu, majina tutajaza", sema unasubiri picha za pasipoti. (Ni uongo, najua. Nimeuhifadhi huo mmoja.)

Umri nao una mamluki wake. Watanzania tumeonja pande zote mbili za hilo: Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, waliondolewa kwenye fainali za vijana za Afrika za 2005 kule Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, halafu wakaingia fainali za 2017 kule Gabon baada ya Congo Brazzaville kuenguliwa kwa utata wa umri wa mchezaji wao. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Wanaangalia kama mfupa umeshaungana kabisa pale unapokulia. Ukiwa umeungana, karibu hakika mwenye mkono huo ameshavuka 17. Sisi kipimo chetu ni ndevu, nacho ni kipimo kibaya. Huku kwetu kuna watoto walioanza shule wamechelewa kwa sababu walikuwa wanachunga ng'ombe. Mtoto huyo hajadanganya chochote. Anayedanganya ni mtu mzima anayemfutia miaka mitatu ili aingie kundi la wadogo.

Kwenye riadha hatari iko kwenye kidole gumba kinachobonyeza saa. Septemba 2025 kule Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros akaandikiwa muda uleule. Baada ya kilomita 42, kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, na kamera ndiyo iliyoamua. Kwenye mashindano ya kata kamera hiyo ni wewe, umesimama mstarini na saa ya mkononi, na wa mbele ni mwanafunzi wako.

Kwa hiyo jifunze kanuni, usitegemee roho yako. Kinachohesabika kufika ni kiwiliwili. Kichwa, mkono au mguu uliotangulia havihesabiki. Watunza muda wawe watatu kwa mshindi, na kila mmoja aandike wake bila kumwonyesha mwenzake. Wawili wakilingana, huo ndio muda. Wote wakitofautiana, unachukuliwa wa katikati. Wakiwa wawili tu na hawalingani, unachukuliwa ule mrefu. Niliwahi kuona walimu wakisogeleana na kuulizana "wewe umepata ngapi?" kabla ya kuandika, na saa zote tatu zikapatana kimiujiza kwa mtoto wa mwenyeji. Ukiona hivyo andika wako kwanza, ndipo usalimie watu. Na mbio ambayo mwanafunzi wako anagombea nafasi, omba upangiwe kazi nyingine. Kwenye kuruka chini watu wa kusawazisha mchanga hawajawahi kutosha.

Marefa: wenyeji wakiwapikia, wapike mbele ya timu zote na wale pamoja na wageni. Soda ya refa inayopelekwa nyuma ya choo si ukarimu.

Dawa za kuongeza nguvu nitazigusa kidogo kwa sababu shuleni hazijawa tatizo letu kubwa, ila huku ndiko wakimbiaji wanakotokea na wengine wataondoka kwako kwenda kambini. Mwambie mapema kwamba dawa ikikutwa kwenye mkojo wake ni yake. Nani alimpa ni swali linalokuja baadaye, la kupunguza au kuondoa adhabu, na adhabu yenyewe inaweza kufika miaka minne. Hata baadhi ya vidonge vya mafua vya duka la dawa vina pseudoefedrini, ambayo siku ya mashindano ikizidi kiwango ni kosa. Orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, shirika la dunia linalopambana nazo, hubadilika kila Januari 1. Mzoeze kumwambia daktari "mimi ni mwanariadha" kabla hajaandikiwa chochote. Na kocha atakayemletea sindano isiyo na jina, akimbie, mbio anazo.

Sasa ujiandae kutolewa mapema. Mwaka jana tumetolewa kwenye kata, mabao 3 kwa 0, na wafungaji wawili kati yao nawajua kwa bodaboda zao. Nilikata rufaa, ikapotea njiani. Njiani kurudi niliwanunulia watoto miwa, wakaimba hadi getini kama waliochukua kombe, jambo lililonikera kidogo.

Jumatatu mkuu akaniuliza kwa nini sikutafuta mfungaji kama wenzangu. Sikuwa na jibu zuri, nikasema nitajitahidi. Nilipotoka nikapita ubaoni kubandua ile orodha. Pembeni yake, kwa kalamu ya risasi, wanafunzi walikuwa wamejiandika wenyewe wanaotaka kujaribiwa mwakani, jina na mkondo, kama nilivyoandika mimi. Nikahesabu kumi na tisa. Sikuibandua. Mipira bado ni miwili, na ule mmoja bado unavuja.