Kamera Kifuani Kwanza: Jinsi ya Kujirekodi Ukiteleza kwenye Theluji

Huko Mayrhofen, bonde la Zillertal hapa Austria, kuna njia ya kuteleza waliyoipa jina la Harakiri. Mteremko wake ni asilimia 78, yaani nyuzi karibu 38, na mashine inayosawazisha theluji yake lazima ishikiliwe kwa kebo ndiyo iweze kupanda. Ukisimama pale juu njia huioni. Unaona ukingo, halafu unaona bonde. Sasa iteremke ukiwa na kamera juu ya helmeti, kisha mrushie mpwa wako video kwa WhatsApp. Wangu alijibu: "Mjomba, mbona kama uko uwanja wa mpira?"

Kwa alichokiona, alikuwa sahihi kabisa. Lenzi za kamera hizi ndogo ni pana mno, zinasukuma kila kitu mbali na kuulaza mlima. Tena ukitazama unakoshuka, kamera ya kichwani inatazama sambamba na theluji, fremu nzima inajaa weupe, na mtazamaji hana cha kupimia. Jicho lako lilikuwa na masikio ya ndani, yanayohisi mwili ulivyoinama, ya kulisaidia, na tumbo lililokaza, na magoti yanayotetemeka. Yeye ana kioo cha inchi sita na yuko kwenye daladala.

Kwa hiyo wanaoniuliza "ninunue kamera gani?" huwa nawajibu haraka: yoyote unayoimudu. GoPro, DJI, Insta360, hata ya mtumba iliyotoka miaka kadhaa nyuma, zote zinatoa picha safi kwenye jua la mlimani. Tangu GoPro ilipoleta teknolojia yake ya kutuliza picha, HyperSmooth, kwenye Hero7 Black mwaka 2018, hata mtikisiko si kilio tena kama zamani. Kinachoamua kama video yako itatazamika ni mahali ulipoifunga.

Mimi naanza na kifua. Mkanda wa kifuani unavaliwa juu ya koti, unapita mabegani na kuzunguka mbavu, na kamera inakaa katikati ya kidari. Ukikunja magoti inavyotakiwa, fremu inapata mikono yako, fimbo mbili zikidonoa theluji, na ncha za skii, zile mbao ndefu za miguuni, zikigeuka kushoto na kulia. Kwenye kona kali, goti la upande wa juu linapanda hadi karibu liguse lenzi huku lile la chini limenyooka. Hapo mtu aliyeko Tanga, ambaye theluji ameiona kwenye friji tu, anaelewa kwamba mlima huu si mchezo.

Kazi iko kwenye pembe. Wengi huifunga kamera wakiwa wamesimama wima sebuleni, lenzi ikitazama mbele barabara. Wakifika mlimani kiwiliwili kinainama, kamera inainama nacho, na jioni wanakuta wamerekodi buti zao asubuhi nzima. Vaa kila kitu, buti na glavu pia, kaa mkao wa kuteleza, halafu mtu akushikie simu iliyounganishwa na kamera hiyo kwa programu yake uone picha inavyotoka. Inyanyue lenzi mpaka upeo wa macho ukae theluthi ya juu ya fremu. Ukiifunga kamera kichwa chini miguu juu unapata nafasi zaidi ya kuinyanyua, na picha itajigeuza yenyewe. Kisha kumbuka kwamba saa saba mchana, jua likiwaka na sweta umelivua ukalitia kwenye begi, mkanda uliokaza asubuhi utakuwa umelegea na kamera itaanza kucheza ngoma kifuani. Ukaze tena. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloharibu video nyingi za mchana.

Kuna onyo moja kwa wanaotoka nje ya njia zilizosawazishwa na kuvaa kile kifaa cha redio cha kutafutia watu waliofukiwa na maporomoko ya theluji. Kifaa hicho nacho huvaliwa kifuani, na kamera ni kifaa cha umeme kinachoweza kukivuruga. Kanuni inayofundishwa ni sentimita 20 kati yake na kifaa chochote cha umeme wakati kinatuma mawimbi, na sentimita 50 wakati unatafuta. Simu, kamera, saa, glavu za kupasha moto, vyote vimo. Ukishindwa kupata nafasi hiyo, kamera ibaki kwenye begi. Sijadili na mtu hapo.

Sasa kichwani. Faida yake ya kweli ni moja tu: kamera inatazama unakotazama. Kama unapita katikati ya miti, au unamfuata mtoto wako anayejifunza na macho yako hayatoki kwake, ni sawa. Lakini watelezaji hugeuza shingo kila mara kukagua nani anakuja, na video yote inakuwa mtu anayetafuta funguo alizopoteza. Halafu kuna usalama. Helmeti ya skii, hizi zenye alama ya EN 1077, kiwango cha usalama cha Ulaya, imetengenezwa iwe laini na ya mviringo. Ukiongeza kitu kinachochomoza, umeongeza kitu cha kukwama au cha kugonga mahali pamoja. Michael Schumacher, bingwa wa mbio za magari za Formula 1, alipoanguka Méribel, Ufaransa, tarehe 29 Desemba 2013 na kugonga kichwa kwenye mwamba, helmeti yake ilikuwa na kamera, na wachunguzi waliipitia video yake. Kulizuka mjadala kama kamera ilichangia ukubwa wa jeraha, na mjadala huo haukufungwa kwa jibu la hakika. Kwangu mimi kutokuwepo kwa jibu kunatosha kuiweka kamera mahali pengine siku nyingi.

Ukiamua kichwani tu, usitoboe helmeti wala usifunge kitu kwa skrubu. Tumia kibandiko cha gundi, kwa sababu kikivutwa kwa nguvu kubwa kinaweza kubanduka chenyewe. Kwanza soma kijitabu cha helmeti, maana watengenezaji wengine hawataki gundi wala kemikali kwenye ganda lake. Kuna vibandiko bapa na vilivyopinda. Helmeti inataka kilichopinda, na uso wa helmeti yenyewe uwe laini, si ule wa chengachenga. Pangusa vumbi na mafuta, acha pakauke, bandika ndani ya nyumba kwenye joto la kawaida, kandamiza, kisha iache helmeti saa 24 kabla ya kuitumia. Wale wanaobandika kwenye maegesho ya magari asubuhi, baridi nyuzi nane chini ya sifuri, huwa naona kamera zao zikishuka mlima peke yake. Siku ya kukitoa kibandiko, kipashe moto kwa draya ya nywele, kitaachia taratibu. Ile mikanda ya baiskeli inayopita kwenye matundu ya helmeti, isahau, kwani helmeti nyingi za skii hazina matundu ya kuipitisha.

Vishikio vingine nitavipitia mbio. Cha kung'ata mdomoni kinatoa picha tamu, lakini sitaki kipande cha plastiki katikati ya meno siku ninayoanguka. Cha kufunga kwenye ncha ya skii kinajaa theluji kabla hujafika kona ya pili. Cha kufunga kwenye fimbo kinatikisika kila fimbo inapogusa chini, na hakuna teknolojia ya kutuliza picha itakayokuokoa. Cha sumaku kwenye mkanda wa begi kinafaa kupiga picha ukiwa umekaa kwenye lifti, vile viti vya kebo vinavyokupandisha mlimani.

Fimbo ya selfi inastahili zaidi, hasa pamoja na kamera ya nyuzi 360. Kamera hizi zina lenzi mbili zinazotazama pande mbili, na fimbo inapotea kwa sababu inakaa kwenye mshono wa picha hizo mbili. Matokeo yake unaonekana kana kwamba kuna mtu anaruka nyuma yako na droni. Na kwa sababu mwili wako wote umo kwenye fremu, mteremko unarudi kuwa mteremko. Bei yake ni kwamba mkono mmoja umeshika fimbo ya kamera na fimbo zako mbili za skii zimebanwa kwenye mkono mwingine, kwa hiyo ifanye kwenye njia unayoimudu vizuri, isiyo na watu wengi. Lenzi za 360 pia zimechomoza bila kinga. Nunua vifuniko vyake, la sivyo barafu itazikwangua. Na kabla hujaingia kwenye foleni ya lifti, ikunje fimbo. Mkanda au kamba inayoning'inia ikishikwa na kiti cha lifti, kiti hakikusubiri.

Lakini picha inayoonyesha mlima kwa haki kuliko zote haipigwi na wewe. Mpe mwenzako kamera, atangulie mita hamsini, asimame pembeni ya njia mahali anapoonekana kutoka juu, akurekodi ukipita kwa ubavu. Nyuma yako iwepo miti. Miti ya misonobari hukua wima hata kwenye mlima mkali, kwa hiyo shina la mti na mstari wa theluji vinachora pembe yenyewe, na mpwa wako hahitaji maelezo. Usitegemee nguzo za lifti kwa kazi hiyo, kwani nyingi husimikwa zikiwa zimeinama kufuata kebo, na zikiingia kwenye fremu zinaudanganya mlima uonekane tambarare zaidi. Kule juu kwenye barafu ya Stubai, hapahapa Austria, ambako lifti zinafika zaidi ya mita 3,000, hakuna mti hata mmoja, na huko mimi natumia watu: mtelezaji mwingine aliyesimama chini yako, kichwa chake kikiwa usawa wa buti zako, anatosha.

Mkifuatana huku mmoja anarekodi, kumbuka kanuni za shirikisho la kimataifa la skii, FIS: anayetoka nyuma ndiye anayepaswa kumwepuka aliye mbele. Kuwa na kamera mkononi hakukupi haki ya njia. Na watoto wa watu walioko kwenye mafunzo usiwarekodi bila idhini ya wazazi wao.

Baridi nayo. Betri za lithiamu hazifi kwenye baridi, zinakataa tu kutoa umeme kwa kasi inayotakiwa, na kamera inazima ikiwa bado inaonyesha nusu. Betri za Enduro za GoPro zimetengenezwa kwa ajili ya baridi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na tofauti unaiona. Hata hivyo beba ya akiba kwenye mfuko wa ndani kabisa, karibu na mwili. Iliyozima usiitupe begini. Irudishe kwenye joto, baada ya chakula cha mchana itakupa dakika kadhaa tena. Ukiingia mgahawani kunywa chai, iache kamera kwenye begi na usiufungue mlango wa betri mpaka ipate joto taratibu, maana unyevu wa hewa ya ndani utafanya ukungu kwenye lenzi. Theluji ikiingia kwenye lenzi usiipulize kwa mdomo, pumzi yako ni mvuke na itaganda papo hapo. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu.

Kwa mipangilio sina mengi. Fremu 50 au 60 kwa sekunde kwenye 4K, memori kadi yenye kasi ya V30 au zaidi, na mpangilio wa rangi nyeupe (white balance) uwekwe kwenye kelvini 5,500 kukiwa na jua, isije theluji ikatoka ya buluu. Weupe mwingi huidanganya kamera ikapunguza mwanga, na nyuso zetu, hasa sisi weusi, zinageuka kivuli. Pandisha mwanga kidogo kama uso ndio muhimu, punguza kama unataka chembechembe za theluji zionekane. Ile mipangilio ya kunyoosha upeo wa macho usiwe unaiwasha kila saa. Mtelezaji akilala kwenye kona, acha dunia ilale naye.

Usisahau kile kipande kidogo cha raba kinachozuia kishikio kisifunguke. Kinakuja kwenye boksi na wengi hukitupa. Kamera yenyewe ibandike utepe wa rangi ya chungwa, na picha ya kwanza kwenye memori kadi iwe karatasi yenye namba yako ya simu, ili atakayeiokota theluji ikiyeyuka ajue pa kupiga.

Na ndugu zangu mlioko Dubai, nyinyi hamna sababu ya kusubiri viza ya Ulaya. Ski Dubai iko ndani ya Mall of the Emirates tangu 2005, njia yake ndefu ina mita 400, na humo ndani ni chini ya sifuri, kwa hiyo mambo ya betri na ukungu ni yaleyale. Kitu kimoja kinabadilika: taa, ambazo hupepesa kwa mdundo wa umeme hata kama jicho halioni. Umeme wa Falme za Kiarabu ni hezi 50, hivyo weka kamera kwenye fremu 25 au 50 kwa sekunde. Ukiweka 60, video yote inaweza kupepesa.